Chuki dhidi ya mashoga: inajengwa vipi ndani ya akili zetu?

Baada ya kipindi chetu cha afya ya jamii, msikilizaji mmoja wa kisiwa cha Fundo alituletea ujumbe wa sauti. Hakutaja jina, na hata angelitaja tusingelitoa hapa. Aliuliza hivi: mlevi akianguka njiani watu humrudisha kwao usiku ili asionekane, mwizi wa madema hupelekwa kwa sheha, lakini kijana akipita na mwendo wa kike, watoto humrushia mawe na watu wazima hucheka. Mbona huyu wa tatu, ambaye hajamchukulia mtu kitu chake, ndiye anayechukiwa zaidi?

Swali hilo halijibiki hewani kwa dakika tatu kabla ya taarifa ya habari. Ndiyo maana tumeliandikia makala, uisome taratibu kwenye simu yako, na ukitaka umsomee na mwenzako.

Kwanza tuyaweke wazi mambo mawili. Sheria za Zanzibar zinakataza mapenzi ya jinsia moja, na Tanzania Bara adhabu yake ni kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Masheikh wetu nao wanafundisha kwamba tendo hilo ni dhambi. Sisi ni watangazaji, hatutoi fatwa wala hukumu, na makala hii haiingii huko. Lakini angalia vizuri. Sheria inazungumzia tendo lililothibitishwa mahakamani. Dini nayo imeweka masharti mazito ya ushahidi, ikakataza kupelelezana, na ikamwekea adhabu kali mtu anayemsingizia mwenzake uchafu bila mashahidi wanne. Jiwe la mtoto wa miaka tisa halina shahidi hata mmoja. Limerushwa kwa sababu ya mwendo, au sauti, au kanga begani. Kwa hiyo jiwe lile lina chimbuko lake jingine, na wanasaikolojia, yaani wataalamu wa akili na tabia za watu, wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 50.

Hofu isiyokimbia

Mwaka 1972 daktari wa saikolojia wa Marekani, George Weinberg, alitoa kitabu kilicholieneza neno homofobia. Alikuwa ameona watu, wakiwemo wataalamu wenzake, wakishtuka na kujitenga wanapokaa karibu na shoga, kana kwamba wamekaa na kitu cha kuambukiza. Akaiita hali hiyo hofu.

Baadaye mtaalamu mwingine, Gregory Herek, aliona neno hilo halitoshi. Mtu anayeogopa nyoka humkimbia nyoka. Hafungi safari kwenda kumtafuta msituni, hakusanyi wenzake usiku, wala hasimulii habari za nyoka barazani tangu alasiri hadi magharibi. Anayechukia mashoga mara nyingi hufanya hayo yote. Kwa hiyo Herek akasema tuiite chuki au ubaguzi, na tuulize swali la maana zaidi: chuki hiyo inampa mwenyewe faida gani? Majibu aliyoyapata ni kwamba wapo wachache ambao kweli walifikwa na jambo baya. Wengi zaidi huchukia kwa sababu chuki inawaonyesha kuwa ni watu wema na ni wenzao wa kundi. Na wapo wanaochukia ili kujikinga na wasiwasi uliomo ndani yao wenyewe.

Tutarudi kwenye hayo mawili ya mwisho. Kabla yake tuseme kuhusu kinyaa, kwa sababu ndilo jambo ambalo wasikilizaji wetu hulitaja kwanza. "Nikifikiria tu natapika," wanasema.

Kinyaa ni zawadi. Kinatukinga na nyama iliyooza na maji machafu. Lakini hakina macho ya kupambanua. Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichukua mende aliyekufa, akamsafisha kabisa dhidi ya vijidudu, akamchovya kwenye juisi mbele ya watu, kisha akawakaribisha wanywe. Walijua kuwa mende ni safi. Wengi hawakutaka tena kuinywa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1986, na funzo lake ni kwamba kinyaa hakisikilizi hoja, na kikishagusa kitu kimoja hurukia kila kilicho karibu nacho. Hivyo mtu akikionea kinyaa kitendo anachokiwaza kichwani, kinyaa kile humrukia mtu mzima: mkono wake, kikombe alichonywea, hata kiti alichokalia.

Tena kinyaa hufundishwa. Pwani yetu pweza ni kitoweo cha heshima, na mgeni kutoka bara ukimtengea anaweza kuondoka na njaa. Pweza ni yuleyule. Basi kusema "nasikia kinyaa" ni kueleza hali ya tumbo lako, na hiyo ni haki yako. Haijasema chochote bado kuhusu yule mtu.

Tuliyoyaona Pemba mwaka 1995

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka. Mapema mwaka 1995 habari za Popobawa zilianzia hapa Pemba, zikavuka kwenda Unguja, na baadaye zikateremka pwani ya bara. Jina lenyewe ni bawa la popo. Walisema ni shetani anayeingia nyumbani usiku, anamlemea mtu asiweze kunyanyuka wala kupiga kelele, na anamwingilia kinyume na maumbile, mwanamume kwa mwanamke. Tena anamwamuru asubuhi awasimulie watu, la sivyo atarudi. Haikuwa mara ya kwanza. Wazee walikuwa wakimtaja tangu miaka ya 1960.

Watu wengi waliacha kulala ndani. Walilala uwanjani kwa makundi, moto umewashwa, kisomo kinasomwa. Tuseme bila kumcheka yeyote: hofu ile ilikuwa ya kweli, na waliolemewa walilemewa kweli. Wataalamu wa usingizi wanaeleza kwamba kuna hali ambapo ubongo huamka kabla ya mwili. Mtu anajiona yu macho lakini hawezi kusogeza kidole, anahisi uzito kifuani na anaona kitu chumbani. Kiswahili kinaijua hali hiyo kwa jina la jinamizi, na watu wa dunia nzima huipata. Wapo waliolihusisha jambo lile na siasa, kwa kuwa mwaka ule ndio ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo huo kurejeshwa, na nyoyo za watu zilikuwa juu. Hilo tuwaachie wanaotafiti siasa.

Kinachotuhusu sisi ni mambo mawili. La kwanza ni kile kilichowatisha zaidi wanaume. Mashetani ya Pemba ni mengi na hadithi zake hazina idadi, yapo yanayokaba na yapo yanayopoteza watu njia. Huyu alitikisa visiwa vizima kwa sababu alimfanyia mwanamume jambo ambalo, likijulikana, linamvua uanaume. Kisha akamlazimisha kulitangaza! Ukitaka kuijua hofu iliyo chini kabisa ya jamii, angalia inampa shetani wake kazi gani.

La pili ni baya zaidi. Hofu isiyo na sura haivumiliki kwa muda mrefu. Watu waliokesha wiki nzima wakimngoja adui asiyeonekana hutaka kumwona, na asipotokea humtafuta mtu wa kumvika sura yake. Mjini Unguja kundi la watu lilimkamata kijana mmoja mgonjwa wa akili, mgeni aliyekuja kutafuta matibabu, wakasema ndiye Popobawa, wakamuua. Kosa lake lilikuwa kuonekana si wa kawaida, usiku usio wa kawaida.

Tumekikumbusha kisa hiki kwa sababu akili inayomtafuta Popobawa na akili inayomtafuta shoga hufanya kazi kwa njia moja. Kuna uvumi, kuna kukesha, kuna anayeonekana tofauti kidogo, na kuna kundi ambalo likishakusanyika linaona haya kutawanyika mikono mitupu.

Uanaume unaoweza kunyang'anywa

Mwaka 2008 Joseph Vandello na Jennifer Bosson, watafiti wa Marekani, walieleza jambo ambalo mtu yeyote aliyekwenda dago na wavuvi analijua. Katika jamii nyingi mwanamke huhesabiwa mwanamke kwa kukua tu. Mwanamume lazima athibitishe, na akishathibitisha leo anaweza kunyang'anywa kesho. Mwenye kitu kinachoweza kunyang'anywa hukilinda kwa nguvu, hata mahali pasipo na mwizi.

Sikiliza jinsi neno "shoga" linavyotumika na vijana barazani. Aliyeogopa bahari iliyochafuka anaitwa shoga. Aliyelia msibani vilevile. Anayemsaidia mama yake kukuna nazi, na asiyetaka kupigana, nao huitwa hivyo hivyo. Mara nyingi neno hilo halina habari yoyote ya mapenzi. Ni fimbo ya kuwachungia wavulana, na kila mmoja anajua kwamba njia ya haraka ya kuiepuka ni kumchapa nayo mwingine. Ndiyo maana anayecheka kwa sauti kubwa zaidi wakati wa kumzomea kijana fulani mara nyingine ni yule ambaye wiki iliyopita alizomewa mwenyewe.

Upo utafiti mmoja unaopenda kutajwa sana, uliofanywa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, mwaka 1996. Henry Adams na wenzake waliwapima wanaume 64 na kuona kwamba wale waliosema wanawachukia mashoga ndio miili yao iliyoshtuka zaidi walipoonyeshwa picha za wanaume. Watu wakahitimisha kwamba kila anayechukia ni shoga aliyejificha. Hatulikubali hitimisho hilo, na watafiti wengi pia hawalikubali. Watu waliopimwa ni wachache, na mwili huweza kushtuka kwa hofu au wasiwasi pia. Wapo wanaopigana na nafsi zao, ndiyo, lakini wengi wanachukia kwa sababu nyepesi kuliko hiyo: wamekuta wenzao wanachukia. Tafadhali usiuchukue utafiti huo ukaenda nao barazani kumtania jirani. Utakuwa umeokota fimbo ileile.

Kundi na ukimya wake

Henri Tajfel alifanya majaribio na wavulana wa shule wa miaka 14 na 15 huko Bristol, Uingereza, akayachapisha mwaka 1970. Aliwagawa makundi mawili kwa sababu za kipuuzi kabisa, kama vile nani amekisia idadi ya nukta nyingi na nani chache. Wavulana hawakujua nani mwingine yumo kundini mwao, wala hapakuwa na ugomvi. Walipopewa fedha za kugawa, waliwapendelea wa kundi lao. Naye Solomon Asch, katika miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kujibu vibaya kwa makusudi. Takriban watu watatu kati ya wanne walikubali uongo ule angalau mara moja, ingawa macho yao yaliona wazi.

Sasa fikiria kundi la watu 12 barazani. Watatu wanachukia kwa dhati na wanasema kwa sauti. Tisa waliobaki hawana chuki hiyo, pengine mmoja ana mdogo wake anayemjua vyema, lakini kila mmoja anadhani yeye ndiye peke yake asiyechukia. Wote tisa wanatikisa kichwa. Akipita mgeni atasema baraza zima linachukia, na wale tisa nao watarudi nyumbani wakiamini hivyohivyo.

Uvumi unapodondoka kwenye baraza kama hilo huwaka. Februari 2010 huko Mtwapa, pwani ya Kenya, zilienea habari kwamba wanaume wawili watafunga ndoa. Viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, walijitokeza kulaani. Umati ukakizingira kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI, kwa kuwa kilikuwa kinawahudumia pia wanaume hao, na watu wakapigwa. Polisi waliwachukua wengine ili kuwaokoa na umati. Ndoa yenyewe haikuonekana.

Kwetu Unguja, Novemba 2018, polisi waliwakamata wanaume 10 huko Pongwe baada ya kupewa taarifa kwamba kuna ndoa ya namna hiyo. Shirika la Amnesty International lilieleza kwamba walikutwa wamekaa wawili wawili. Siku chache kabla, tarehe 29 Oktoba, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alikuwa amewataka wananchi wampelekee majina ya mashoga, akaunda na kamati ya kuwasaka. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba hayo ni maoni yake binafsi na si msimamo wa Serikali. Lakini wito ulikuwa umeshatoka, na waliokwisha kujificha hawakutoka kwa sababu ya tamko. Kiongozi anapoomba majina, baraza la watu 12 hugeuka nchi nzima, na wale watatu wenye sauti hupewa kipaza sauti.

"Haya yameletwa na Wazungu"

Hoja hii tunaletewa kila mara, kwa hiyo tuijibu kwa historia. Mwaka 1899 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, ambaye aliandika pia kuhusu kisiwa chetu cha Pemba, alichapisha ripoti juu ya watu wa namna hii aliowakuta Zanzibar. Miongoni mwa maneno yaliyorekodiwa wakati ule ni "mke-si-mume". Jambo lisilokuwepo halipewi jina la Kiswahili. Hata "shoga" lenyewe ni neno la zamani la wanawake kuitana kwa mapenzi, shoga yangu, na mpaka leo bibi zetu wanalitumia hivyo. Na huko Oman, ambako ndugu zetu wengi wana jamaa, mtafiti wa Norway Unni Wikan aliandika mwaka 1977 kuhusu wanaume wa mji wa Sohar walioitwa khanith, neno lililo jamaa na hanithi yetu, waliokuwa wakikaa na wanawake na kuonekana hadharani bila kupigwa.

Kilichotoka kwa Wazungu bila shaka ni sehemu ya sheria. Vifungu vya "kinyume na maumbile" vilitungwa na Waingereza kwa makoloni yao.

Hatusemi zamani watu walikubaliana na jambo hilo. Walilikataa. Lakini kulikuwa na sitara. Fulani alijulikana, alialikwa kwenye harusi kupiga ngoma au kupika, akaitwa kwa jina lake, na aibu yake haikutangazwa kwa sababu kila nyumba ina yake. Mwanasaikolojia Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu ubaguzi, alieleza jinsi akili inavyoendesha mambo hayo mawili kwa pamoja. Mtu hulichukia kundi zima, na akikutana na mmoja asiyefanana na picha aliyonayo humtoa nje ya ua kama mtu wa pekee, kisha akaufunga ua vilevile. "Huyu si kama wale wengine." Wale wengine ni akina nani? Siku hizi ni picha za kwenye simu, watu wa nchi za mbali, wasio na mama tunayemjua. Picha ni rahisi kuchukia. Fulani wa harusini alikuwa na sura na majirani.

Wanaoumia ni zaidi ya anayezomewa

Mwaka 2007 watafiti waliwapima wanaume 509 wa Unguja wanaojamiiana na wanaume. Asilimia 12.3 walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati kwa watu wazima wa Zanzibar kwa jumla kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Baadhi ya wanaume kama hao huwa na wake nyumbani. Mtu anayeogopa kuonekana kwenye mlango wa kliniki haendi kupima, hapati dawa, na ugonjwa hurudi naye ndani. Februari 2017 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kufunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma hizo, kwa maelezo kwamba vinahamasisha ushoga. Mwenye kutaka kujua mke wa mvuvi anaingiaje katika habari hii, ndipo hapo.

Kuna pia maumivu yasiyopimwa kwa damu. Ilan Meyer, aliyeandika mwaka 2003, alionyesha kwamba msongo wa mawazo na hamu ya kujiua kwa watu hawa hutokana kwa sehemu kubwa na kungoja kuzomewa, kujificha na kujichukia. Kabla yake Evelyn Hooker, mwaka 1957, alikuwa amewapa wataalamu majibu ya vipimo vya akili vya wanaume 30 mashoga na 30 wasio mashoga, bila majina. Wataalamu walishindwa kuwatofautisha. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990.

Je, chuki hupungua? Hupungua, na njia iliyothibitishwa zaidi ni ileile ya Allport: kukaa pamoja kwa usawa katika kazi moja, huku wakubwa wakiridhia. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 na kukuta kwamba kukutana hupunguza ubaguzi, hata ule wa dhidi ya mashoga. Mfano wa karibu nasi ni Kilifi, Kenya. Miaka michache baada ya fujo za Mtwapa, watafiti waliwapa mafunzo wahudumu wa afya zaidi ya 70 wa pwani, kisha wakawapima tena baada ya miezi. Ukali ulikuwa umeshuka. Baadaye wakawaita na viongozi wa dini, maimamu na wachungaji, wakakaa na wanaume wale chumba kimoja na kusikilizana. Hakuna aliyetakiwa kubadilisha dini yake. Walitakiwa wajue mtu wa mbele yao anaishi vipi, na mitazamo ya wengi ililainika.

Mtoto wa kiume asiyesema

Tumeliacha hili mwisho kwa sababu ni zito na ndilo tunaloomba mlichukue. Wasikilizaji wengi wanapotetea chuki husema, "Tunawalinda watoto wetu." Hofu hiyo tunaiheshimu. Udhalilishaji wa watoto upo visiwani. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 uliwauliza vijana wa Zanzibar kama walidhalilishwa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana waliojibu ndiyo walikuwa karibu asilimia 6. Wavulana walikuwa asilimia 9.

Wavulana walizidi. Na bado mashauri yao ndiyo yanayofichwa zaidi, kwa sababu moja tu: mtoto wa kiume akisema, ataitwa shoga. Wazazi wenyewe hunyamaza ili "asiharibikiwe jina". Mdhalilishaji analijua hilo vizuri kuliko sisi. Anaweza kuwa mtu mwenye mke na watoto, jamaa wa ndani, mwalimu, mtu wa kuaminiwa, na kinga yake kubwa ni ule mzomeo wa barazani. Sisi tunamkodolea macho kijana mwenye sauti nyembamba, naye anapita.

Kumwingilia mtoto ni kosa la mtu mzima dhidi ya mtoto, awe wa kiume au wa kike, na halina uhusiano na mwendo wa mtu njiani. Mtoto aliyefanyiwa hivyo hajawa chochote. Ameumizwa.

Kwa hiyo kijana wako akikuambia, au ukiona anajitenga, anaogopa mtu fulani, anashindwa kukaa vizuri au anakojoa kitandani ghafla, mwamini kwanza. Usimwoshe na usizifue nguo alizovaa, zifunge kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Kwa mtu wa Fundo hiyo ina maana ya kupanda chombo cha kwanza kwenda Wete, usingoje kikao cha familia. Kituo cha Mkono kwa Mkono kina daktari, polisi na mshauri pahala pamoja, na kipo katika hospitali ya Chake Chake. Ukifika hospitali yoyote ya Pemba, sema tu unataka huduma ya Mkono kwa Mkono, wataelewa, na huna haja ya kueleza habari yote mbele ya watu waliopo kwenye foleni.